Bwana Makini Kwenye Foleni Mbili

Runazi, Biharamulo
11 Mei 2003

Mpendwa Mjomba Sostenes,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama itakukuta unaumwa, basi natumaini huumwi sana. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimia na anauliza kama unakula au unakunywa chai tu. Baba naye anakusalimia, ingawa hakusema hivyo hasa. Nilimuuliza kama nikuandikie salamu zake, akasema niandike ninavyotaka. Maharage yamekubali mwaka huu, lakini mihogo ya shamba la bondeni majani yake yamejikunja na Baba ameing'oa yote.

Mjomba, Mama ametuambia kwamba umeacha kuchora vibao vya vinyozi hapa Biharamulo na sasa uko Ngara, kwenye shirika linalohudumia wakimbizi wa Burundi, na unachora vitabu vya katuni kwa kompyuta. Nilimwambia Mwalimu Felisita, anayetufundisha Kiswahili, akanisimamisha mbele ya darasa la kidato cha pili nieleze. Nilieleza vizuri, ila walipouliza kompyuta inashikaje penseli niliwaambia nitakuuliza wewe.

Nakuandikia kwa ombi moja. Nataka kuja kwako likizo ya Desemba unifundishe kuchora kwa kompyuta. Mimi huchora kila siku, na Mwalimu Felisita amesema mikono ya watu wangu sasa inafanana na mikono. Mama amekubali. Baba amekataa, kisha Mama akaongea naye jikoni, kisha Baba akaweka sharti. Nanukuu maneno yake: "Hata mfuko wa saruji una jina la aliyeutengeneza. Shemeji yangu akileta kitabu chenye jina lake, nitajua hiyo ni kazi, na binti ataenda. Asipoleta, binti ataenda kwa shangazi yake Deodata kufuma vitambaa vya makochi."

Mjomba, tunavyo vitambaa vya makochi vingi kuliko makochi. Tafadhali leta kitabu chenye jina lako.

Ni mimi mpwa wako mtiifu,
Anneth


Ngara
2 Juni 2003

Mpwa wangu Anneth,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba sana. Barua yako imenikuta mzima na nimeshiba. Mwambie dada nakula wali na maharage katika chumba chenye feni. Jumapili nilikwenda Keza kumwona Bibi. Mguu wake unamsumbua lakini mdomo hauna tatizo lolote. Aliniuliza lini nitaoa, nikamwambia nina kazi nyingi. Akasema hata watu wenye kazi nyingi wanaoa.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, ili umweleze na huyo baba yako anayenilinganisha na mfuko wa saruji. Ninatunga kitabu cha katuni kiitwacho *Bwana Makini*. Bwana Makini ni mtu mzima, mwenye heshima, anayefundisha watu wa kambini kuchimba choo na kunawa mikono. Kompyuta haishiki penseli. Kuna kidude kinaitwa kipanya, unakisukuma juu ya meza na mstari unatokea kwenye kioo. Ni kama kuchora kwa kutumia kipande cha sabuni. Lakini mimi nimekizoea siku nyingi, kinanisikiliza kama mbwa.

Bosi wangu ni Bwana Ansbert, Afisa Mradi. Ananiheshimu sana. Kila asubuhi anakuja kusimama nyuma ya kiti changu. Zamani nilipochora kinyozi kwenye bati kwa rangi ya mafuta, mteja aliogopa kusema neno kwa sababu rangi imeshakauka. Bwana Ansbert alipogundua kwamba kwenye kompyuta mti unaweza kuhamishwa, basi hakuna mti unaokaa mahali pamoja. Jumatatu uko kushoto, Jumatano uko kulia. Ijumaa umeondolewa, kwa sababu wakimbizi hawaruhusiwi kukata miti na tusiwatamanishe.

Kuhusu jina, mwambie shemeji asiwe na wasiwasi. Jina lipo njiani.

Mjomba wako,
Sostenes, Mchoraji


Runazi
29 Juni 2003

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za Bibi na za feni. Huku tumevuna maharage, na Mama amepata homa lakini imeondoka. Jirani yetu Luhende, yule anayepeleka mazao kwa lori, ndiye aliyebeba barua hii mpaka Benaco, akasema kutoka hapo atampa mtu wa basi. Ukimwona mtu wa basi, tafadhali mshukuru.

Niliisoma barua yako kwa sauti baada ya chakula. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maneno "lipo njiani" maana yake ni nini. Nikasema labda maana yake ni kwamba linakuja. Akauliza linatoka wapi.

Mjomba, nina maswali yangu pia. Mwalimu Felisita ametufundisha kwamba hadithi nzuri ina mtu anayetaka kitu na kitu kinachomzuia. Bwana Makini anataka nini? Kama anataka choo, nani anamzuia? Nimechora ukurasa mmoja wa majaribio na nimeuweka humu ndani. Nzi ndiye mfalme, na amevaa joho. Usicheke miguu ya nzi, nilikosa nafasi.

Nisamehe kwa kurudia, lakini je, jina litakuwa mbele ya kitabu au nyuma? Nimeulizwa.

Mpwa wako,
Anneth


Ngara
24 Agosti 2003

Mpwa wangu Anneth,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako ilichelewa kufika. Na kama haikuchelewa, basi jibu langu lilichelewa kuondoka. Mambo ya barabara unayajua. Bibi hajambo, amenituma nikuambie usome kwa bidii usije ukawa kama mimi, lakini alisema kwa upendo.

Ukurasa wako nimeubandika ukutani. Yule mfalme nzi ni mzuri kuliko nzi wangu. Nilimwonyesha Bwana Ansbert, akasema nzi hawezi kuwa mfalme, kwa sababu itaonekana tunatoa maoni kuhusu serikali. Nzi wangu mwenyewe ameshapita kwenye kamati ya shirika inayokagua michoro. Walisema ni mkali mno, atatisha watoto. Nikampunguza. Wakasema sasa amekuwa mpole mno, watoto watampenda. Kwa hiyo kitabu kinahusu nzi, na nzi hayumo.

Tabasamu nalo lilisumbua. Kamati ilisema kipindupindu si jambo la kuchekea, nikaziba midomo yote. Kisha wafadhili wakaandika kwamba wanataka kuona matumaini, nikalirudisha tabasamu, ila kwenye ukurasa wa mwisho tu. Kwa hiyo watu wamenuna kitabu kizima, halafu mwishoni wanacheka wote bila sababu.

Unauliza Bwana Makini anataka nini. Mpwa wangu, ukweli ni kwamba anataka kutoka kwenye jalada. Kwenye jalada kuna nembo za wafadhili wote, na kila mfadhili anataka nembo yake isiwe ndogo kuliko ya jirani. Zimemfunika mpaka imebaki kofia. Ndiyo maana kwa sasa jina langu halikupata nafasi. Ni suala la nafasi tu, halina ubaya.

Kitabu kimechapishwa, nakutumia kimoja. Kimegawiwa kambini na kimependwa mno. Watu wanakisoma wakiwa wamesimama.

Mjomba wako,
Sostenes


Runazi
14 Septemba 2003

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kitabu kimefika kikiwa kizima, ila kona moja imelowa. Hongera sana. Karatasi yake inang'aa hata kwenye mwanga wa koroboi. Habari za nyumbani ni njema, isipokuwa mbuzi mmoja ameibiwa na Baba anawaangalia majirani wote kwa jicho moja.

Mama ndiye aliyekishika wa kwanza. Alipofungua ukurasa wa pili alikaa chini akacheka mpaka machozi, na nilipomuuliza sababu alisema ni moshi. Baba naye alikitazama muda mrefu. Alisema, "Huyu Makini ana sura ya mtu mwenye akili. Ukimwona tu unajua ni mtu wa kusikilizwa." Mama akatoka nje.

Kisha Baba alitafuta jina lako. Alisoma kila nembo, na nyuma akasoma jina la kiwanda kilichokichapa. Akasema kitabu ni kizuri lakini hakina mwenyewe. Shangazi Deodata ameshaleta uzi.

Mjomba, niruhusu niseme jambo kwa heshima. Wanaume wote kitabuni wana sura moja. Anayeumwa ana sura ya Bwana Makini. Daktari ni Bwana Makini mwenye miwani. Kwenye foleni ya mgao wa chakula, anayesimama mbele ni Bwana Makini, na anayesimama nyuma ni Bwana Makini mwenye ndevu. Hata afisa wa shirika mwenye fulana, anayegawa maharage, ni yeye. Nilifikiri labda ni ukoo mmoja. Mwalimu Felisita alisema labda ni mbinu ya kisanaa.

Luhende alirudi juzi kutoka sokoni Benaco, ambako watu wa kambini huja kununua. Anasema huko watu wakikisoma wanaanguka kwa kicheko, wanashikana mabega. Lakini si kwenye ukurasa wa mwisho. Ni kwenye ule wa foleni. Nilimuuliza kwa nini, akasema mimi bado mtoto.

Naomba unieleze, maana sipendi kucheka bila kujua.

Anneth


Ngara
19 Oktoba 2003

Mpwa wangu,

Marahaba. Habari za huku ni nzuri, mvua zimeanza. Bibi amevuna ndizi.

Nimepewa likizo. Ni likizo ndefu kidogo, na ni heshima, kwa sababu wengine hawapewi. Sasa nina muda wa kukujibu vizuri.

Kuhusu sura. Kuchora uso mmoja kwa kipanya kulinichukua wiki nzima, na uso huo ulitoka vizuri. Kompyuta ina uwezo wa kunakili. Unabonyeza, nyuso zinakuwa mbili. Unaongeza miwani, unapata daktari. Huo ndio utaalamu wa kisasa, na kamati yote iliyohamisha miti haikuona. Waliangalia nembo zao.

Wakimbizi wameona siku ya kwanza. Kambini mtu anaishi kwa kadi ya mgao. Anayepanga foleni mara mbili kwa kadi mbili wanamjua, wanamlaani na wanamwonea wivu. Sasa wamepewa kitabu bure, mtu anachukua maharage, anavaa ndevu, anarudi nyuma ya foleni, na anayemgawia ni yeye mwenyewe akiwa na fulana ya shirika. Mwalimu Niragira, mkimbizi anayefundisha shule ya kambini, aliniambia, "Sostenes, miaka yote tumetafuta namna ya kulisema hili, wewe umelisema kwa rangi." Nikamwambia sikukusudia. Akasema nisimwambie mtu mwingine hivyo.

Kulikuwa na kikao. Bwana Ansbert aliweka kitabu mezani akauliza, "Unataka kusema sisi ndio tunaokula mgao?" Nikamjibu, "Nataka kusema kipanya ni kigumu." Hawakuniamini. Nadhani wangeniamini kama wasingeogopa hivyo.

Hayo ni mambo ya ofisi, yataisha. Usimsomee baba yako ukurasa huu.

Mjomba


Runazi
9 Novemba 2003

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sikumsomea. Tuko kwenye mitihani, Kiswahili kimekuwa chepesi, hesabu imekuwa hesabu. Pole kwa likizo. Nimeelewa ni likizo ya namna gani, na sijamwambia mtu.

Lakini kuna jambo baya zaidi. Luhende aliumwa, kwa hiyo wiki iliyopita Baba alikwenda mwenyewe Benaco na magunia yetu ya maharage. Alivaa kofia kwa sababu ya jua. Aliposhuka kwenye lori, mwanamke mmoja muuza ndizi alimtazama, akamwita mwenzake, na mwenzake akawaita wengine. Wakamzunguka. Mmoja akamuuliza, "Mzee Makini, leo foleni ya ngapi?" Mwingine akataka kujua ndevu ameziacha wapi. Baba alisema yeye anaitwa Xavery na anatoka Runazi. Wakacheka zaidi, wakasema bila shaka, na kadi ya pili imeandikwa jina gani.

Mjomba, ni sura ya Baba. Mama alijua tangu siku ya kwanza. Mimi nimeishi naye tangu nizaliwe na sikumtambua, kwa sababu kitabuni anatabasamu kwenye ukurasa wa mwisho.

Maharage yalikwisha kabla jua halijafika katikati. Kila mtu alitaka kununua kwa Bwana Makini na kumwambia apime mara mbili. Wauzaji wengine walirudi na mizigo yao. Baba alirudi na magunia matupu. Usiku Mama alimwuliza kama amekasirika. Akasema anafikiri. Asubuhi nilimkuta anajitazama kwenye kioo cha kunyolea, upande mmoja, kisha upande mwingine.

Sijathubutu kutaja Desemba. Uzi wa shangazi uko mezani, ni wa rangi ya waridi.

Anneth


Ngara
23 Novemba 2003

Mpwa wangu Anneth,

Barua hii si ya kusomwa kwa sauti. Nimekaa wiki nzima bila kuiandika.

Mwombee mjomba wako msamaha kwa baba yako. Ule uso niliuchora kwa sababu ndio ninaoujua kuliko wote. Tangu nilipokuwa kijana nikija kwenu, aliketi mbele yangu na kuniuliza nina kazi gani. Mtu akikuuliza hivyo kwa miaka mingi, uso wake unaweza kuuchora hata kwa sabuni.

Likizo si likizo. Wamenifukuza. Siku hizi nakaa kwa mama Theodosia, mwenye duka la kuchapa hapa mjini. Ana kompyuta moja inayotengeneza kadi za harusi na matangazo ya vifo. Asubuhi namtengenezea hizo, jioni ananiachia mashine nichore yangu. Nimeanza kitabu kipya na mfalme ni nzi mwenye joho. Mwalimu Niragira anatafsiri maneno kwa Kirundi na anasahihisha tabia za nzi. Hakuna kamati. Wala feni hakuna.

Shirika lilikuwa na vitabu vingi ghalani, halikutaka kuvitupa, wala halikutaka kulaumiwa. Kwa hiyo wamechapisha karatasi na kuibandika juu ya jalada la kila kitabu, juu ya nembo zote. Nakutumia kimoja ili usikisikie kwa watu. Ulitaka kitabu chenye jina langu. Nisamehe kwamba ndicho hiki. Kama baba yako akisema uende kwa Deodata, nenda, na ufume vizuri.

Mjomba wako,
Sostenes


Runazi
7 Desemba 2003

Mpendwa Mjomba Sostenes,

Shikamoo. Shule imefungwa. Nimekuwa wa nne darasani. Mama amepona kabisa na anakutumia unga wa muhogo na karanga, nitakuja navyo.

Ndiyo, nitakuja navyo. Nikueleze ilivyokuwa.

Kitabu kilipofika nilitaka kukificha, lakini Luhende alimkabidhi Baba mkononi. Baba alikaa mlangoni penye mwanga na akasoma ile karatasi iliyobandikwa, kwa sauti, taratibu, kama anavyosoma masomo kanisani: "TAARIFA KWA WASOMAJI. Sura na matendo yote yaliyomo humu yamebuniwa na kuchorwa na Ndugu Sostenes Nyandwi peke yake. Shirika na wafadhili hawahusiki kwa namna yoyote." Kuna muhuri, na jina lako limewekwa kwa herufi nene. Nembo moja tu inachungulia chini yake.

Nilisimama nikisubiri. Mama alishika mwiko bila kukoroga.

Baba alisoma tena sehemu ya jina. Kisha akasema, "Peke yake. Wameandika peke yake." Halafu akaniambia, "Mtu asiye na kazi hawezi kuandikiwa taarifa yenye muhuri kwamba kazi yote ni yake. Hawa wazungu na maafisa wao wameapa hawakumsaidia hata mstari mmoja. Funga mizigo."

Mama alisema polepole kwamba taarifa ile haikuwa ya kusifu. Baba akamwambia yeye anasoma kilichoandikwa.

Nilimpelekea salamu zako za msamaha. Alisema hakuna cha kusamehe, ila siku nyingine uchore sikio la kulia vizuri, umelifanya limelala. Uzi wa waridi umerudishwa kwa shangazi Deodata na salamu nyingi.

Tutaondoka Jumanne kwa lori la Luhende. Baba amesema atanisindikiza mwenyewe mpaka Benaco, kwa sababu binti hawezi kusafiri peke yake, na kwa sababu kuna magunia ya maharage yamebaki. Jana alimwambia Mama ampigie pasi shati jeupe. Tangu wiki iliyopita hajanyoa ndevu.

Mpwa wako anayekuja,
Anneth